dbx 286s na sauti ya Kiswahili: usiache geti limeze silabi ya mwisho

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo mezani ninayo dbx 286s: priampu inayokuza sauti ya maiki, kompresa, de-esa inayopunguza makali ya “s”, na ekspanda inayoshusha sauti ndogo unaponyamaza, inayoweza kukazwa ikawa geti, yaani ikazikata kabisa, vyote kwa chaneli moja. Nimekaa nayo miezi minne hapa Nansana, Uganda, kwenye chumba kinachotazama barabara ya Hoima. Nanyamaza kidogo, msikilize... Hizo ni boda. Huyo ni konda wa takisi. Na ile ngurumo ya chini ni jenereta ya saluni ya jirani, maana umeme umekatika, mimi naendesha kwa inveta.

Tuanze na kompresa. Kazi yake ni kuishika sauti inapopanda. Kompresa ya uwiano wa 4 kwa 1, sauti ikivuka kizingiti, yaani kiwango ulichoweka, kwa desibeli 12, hutoka imevuka kwa 3 tu. Kwenye mashine hii huwekewi nobu ya uwiano. Unazo mbili: Drive inaongeza mbano, Density inafanya mbano uachie upesi zaidi. Mimi Drive naipandisha mpaka taa zionyeshe mbano wa desibeli 6 hivi nikipaza sauti. Inatosha.

Lakini kompresa haiondoi kelele, jamani. Ukibana vilele kwa desibeli 10, kisha ukanyanyua sauti nzima kwa hizo 10, jenereta nayo imepanda 10 kila unapovuta pumzi.

Hapo watu hukimbilia geti, na hapo nataka tukae. Kiswahili chetu mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Vokali ya mwisho inatoka laini, pumzi imeshaanza kuisha, na ndiyo mara nyingi iliyobeba maana. Sikilizeni: “Asome.” “Asoma.” Sasa nakaza geti, narudia yote mawili: “Asom...” “Asom...” Nimeomba au nimesimulia? Huwezi kujua. Geti limefungwa kabla neno halijaisha.

Hili liliniuma mwaka jana. Nilikwenda Bombo kumrekodi bibi mmoja Mnubi akisimulia utoto wake. Sauti yake ilikuwa ikishuka mwisho wa kila sentensi, na mimi nilikuwa nimekaza geti kwa kuogopa kelele za barabarani. Nyumbani nikakuta masimulizi yamekatwakatwa mikia. Kilichokatwa na geti wakati wa kurekodi hakirudi, hata ufanyeje kwenye kompyuta.

Kwa hiyo nawaomba, nobu ya uwiano ya ekspanda iacheni chini, karibu na 1.5 kwa 1. Kizingiti nakipata hivi: natamka neno kwa sauti yangu ya chini kabisa, napandisha nobu taratibu mpaka vokali ianze kuliwa, kisha narudi nyuma hadi isikike nzima, na nyuma tena kidogo. Kelele itabaki, ndiyo, lakini itashuka polepole badala ya kukatika kama bomba lililofungwa.

Mkumbuke pia kwamba ukishaanza kuongea, geti liko wazi na boda anapita humo humo pamoja nawe. Dawa ya hilo ni maiki yenyewe. Punguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, unapata karibu desibeli 6 za sauti yako bila kununua chochote. Bonyeza pia kile kitufe cha kukata sauti nzito za chini ya hezi 80. Kinapunguza ngurumo ya malori vizuri sana. Mvua ikipiga mabati, zima, subiri.

De-esa ipimeni kwa “sisi sote tusisitize usafi.” Ikianza kusikika kama kithembe, umezidisha. Sehemu ya kung'arisha sauti nimeizima, inaleta mlio wa “shhh”.

Mnaofundisha Kiswahili mtandaoni, na tumekuwa wengi tangu baraza la mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, naipendekeza kwa moyo wote ikiwa mnarekodi sauti moja kila siku. Wawili mezani, hapana, chaneli ni moja.

Na mkinunua, waya wa kutokea ni wa jeki kubwa ya TRS, ile yenye pete mbili nyeusi. Uchomeke kwenye tundu la laini la kadi yako ya sauti, usiupitishe kwenye priampu ya pili.