Miezi 8 na mikanda ya J-Bands: mkono wa mwanangu baada ya kiwiko kuuma

Mwanangu ana miaka 12. Anacheza besiboli hapa Houston tangu akiwa na miaka 8, na nafasi anayoipenda ni ya mrushaji. Kwa wasioufahamu mchezo, mrushaji ndiye anayesimama juu ya tuta katikati ya uwanja akimrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Kwa umri wake umbali huo ni futi 46, yaani mita 14 hivi, na mpira wenyewe una gramu 142 hadi 149. Ni mpira mdogo, unaingia kiganjani. Lakini mtoto akiurusha mara 60 au 70 kwa siku moja, kila mara kwa nguvu zote, mzigo unaishia begani na kwenye kiwiko.

Miezi minane iliyopita nilimnunulia mikanda ya mpira iitwayo J-Bands, ile saizi ya watoto wa miaka 12 kushuka chini. Naandika kwa kuwa wakati natafuta habari zake sikumpata mzazi hata mmoja aliyeieleza kwa Kiswahili, na kwa kuwa kabla ya mikanda hii nilinunua kitu kingine ambacho kilimuumiza mwanangu. Nianze na hicho.

Mwaka jana msimu ulipoanza, kocha mmoja alimwambia mtoto kwamba shabaha anayo ila mpira wake hauna kasi. Alirudi nyumbani kanyong'onyea. Usiku uleule nikaingia mtandaoni, nikaagiza seti ya mipira mizito, mingine mara mbili na zaidi ya uzito wa mpira wa kawaida. Tangazo liliahidi mabadiliko ndani ya wiki 6. Mimi nilikuwa narusha mkuki nikiwa sekondari kule Tanga, nikafika hadi UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, kwa hiyo nilijiona mjuzi: mkono ukizoea kizito, chepesi kitaruka chenyewe. Wiki ya tatu nikamwona mezani anakula huku kiwiko cha kulia amekishikilia kwa mkono wa kushoto. Namuuliza, ananijibu, "Hamna kitu, mama." Alikuwa anaogopa kuwekwa benchi. Siku mbili baadaye mkono ulikuwa haunyooki.

Daktari wa mifupa alipiga eksirei, akanichorea kwenye karatasi. Kwa mtoto, ule mfupa uliojitokeza upande wa ndani wa kiwiko bado haujaungana. Katikati pana gegedu la ukuaji, na hilo gegedu ni dhaifu kuliko misuli na kano zinazolivuta. Mtu mzima akizidisha kurusha, kinachokatika ni kano. Ndiyo ile operesheni ya Tommy John ya kutengeneza upya kano ya kiwiko, iliyopewa jina la mrushaji wa timu ya Dodgers ambaye Dkt. Frank Jobe alimfanyia kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Mtoto yeye anavutika hilo gegedu. Wamarekani wanauita ugonjwa huu kiwiko cha Little League, kwa jina la ligi ya watoto. Dawa yake ya kwanza ni kuacha kurusha. Wiki 6 hakugusa mpira. Siku ile nilikaa ndani ya gari pale maegesho ya hospitali nikalia kabla sijawasha injini, maana mipira ile niliinunua mimi.

Baadaye nikasoma utafiti wa mwaka 2018 uliofuatilia warushaji wa miaka 13 hadi 18 waliotumia mipira mizito kwa wiki 6. Kasi yao iliongezeka kwa asilimia 3 na kidogo, lakini karibu robo yao waliumia. Na hao ni wakubwa kuliko mwanangu. Ile seti niliitupa, sikumgawia hata jirani.

Sasa mikanda. Ni mipira miwili mirefu ya kuvutika, kila mmoja una kamba ya kitambaa ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, na upande wa pili yote miwili inakutana kwenye pete ya chuma ambayo unaibana kwenye fensi ya waya. Sisi tunaibana kwenye fensi ya uwanja, na nyumbani kwenye nguzo ya baraza. Hiyo ya kufunga kifundoni mwanzoni niliidharau, nikaona ni urembo. Kumbe ndiyo yenye maana. Mtoto akishika mpini hukaza ngumi, ngumi ikikaza mkono wote wa mbele unakaza, na kazi inaondoka begani. Kifundo kikifungwa, vidole vinalegea na lile bega ndilo linalovuta.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyetufundisha kwa nini. Kuna misuli inayoupeleka mkono mbele, ya kifua na ya mbele ya bega, na kuna misuli midogo ya nyuma ya bega na ya kuzunguka mfupa wa bapa la bega ambayo kazi yake ni kuusimamisha mkono mpira ukishatoka. Mtoto anayerusha kila siku anaijenga ile ya mbele bila kujua. Ya nyuma hakuna anayeikumbuka. Alimwambia mwanangu asimame kwa kuegemea ukuta na kuinua mikono, nikaona kwa macho yangu bapa la kulia linachomoza kama bawa la kuku. La kushoto lilikuwa limetulia. Miaka minne ya kurusha, na hakuna aliyewahi kumtazama mgongo, nikiwamo mimi niliyemwogesha.

Tunaitumia hivi. Kwanza anakimbia taratibu kuuzunguka uwanja mpaka atoe jasho. Mikanda haivutwi mwili ukiwa baridi. Halafu anavuta dakika 10 tu, kila zoezi mara 10 hadi 15: kufungua mikono kwenda nyuma, kuileta mbele, kuzungusha bega ndani na nje kiwiko kikiwa kimebana ubavuni, kisha kiwiko kikiwa usawa wa bega, halafu mwendo wa kurusha kinyumenyume, kutoka mbele kurudi nyuma. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linaifanyisha kazi misuli ileile ya kusimamisha mkono. Asimame pale ambapo mkanda umeacha tu kulegea. Nikiona mgongo unapinda au meno yanaumana, namwambia asogee hatua moja mbele. Mvuto wa mwisho unatakiwa ufanane na wa kwanza. Wazazi wengi naowaona uwanjani wanakosea hapo. Wanamrudisha mtoto nyuma mpaka mkanda unalia, wakidhani ugumu ndio nguvu.

Baada ya mikanda ndipo anarusha. Jumatano na Jumapili tunafanya kurusha kwa mbali. Tunaanza mita 10, mimi nikiwa na glovu yangu, na kila akirusha mara kadhaa narudi nyuma hatua chache. Mpira unapanda juu kama upinde, hatumii nguvu, anauachia mkono unyooke. Siku mkono uko mwepesi tunafika mbali. Siku mzito tunaishia karibu na hatugombani. Kisha narudi mbele kidogo kidogo, naye anaanza kuunyoosha mpira uje chini chini. Hapo mazoezi ya mkuki yalinifaa kweli. Mwalimu wetu wa michezo Tanga alikuwa akituchapa maneno siku nzima kuhusu mguu wa mbele, kwamba ukitua vibaya bega ndilo litakalolipa. Mwanangu alikuwa anarusha kwa mkono peke yake huku kiuno kimelala. Tulitumia wiki mbili nzima kwenye kutua kwa mguu na kuzungusha nyonga, bila kujali mpira unaenda wapi.

Nieleze na jambo ambalo mkanda wowote hauwezi kukufanyia, nalo ni kuhesabu. Ligi kuu ya Marekani na chama cha besiboli cha nchi hii wana mwongozo uitwao Pitch Smart, uko bure. Kwa miaka 11 na 12 mwisho ni mirusho 85 kwa siku. Akirusha 21 hadi 35 anapumzika siku 1, 36 hadi 50 siku 2, 51 hadi 65 siku 3, na 66 kuendelea siku 4. Na kwa umri huo kwa mwaka mzima inatakiwa miezi 4 bila kurusha, miwili au mitatu kati yake mfululizo. Mwanangu alikuwa kwenye timu mbili, ya ligi na ya kusafiri kwenda mashindano, kila moja ikihesabu ya kwake tu. Jumamosi timu hii 50, Jumapili timu ile 40, na kila kocha anakuapia kwamba hajazidisha. Aliwahi hata kutolewa kwenye tuta akapewa kazi ya mdakaji, yule anayedaka mpira nyuma ya mpigaji, mchezo uleule, jambo ambalo mwongozo unalikataza, maana mdakaji naye anarudisha mpira kila mrusho. Siku hizi daftari ninalo mimi. Nikisema siku 3, ni siku 3. Timu ya kusafiri tuliiacha. Kuanzia Novemba hadi mwisho wa Januari alicheza soka, na glovu ilikaa kabatini. Joto la Houston linawadanganya watu. Kwa kuwa unaweza kucheza mwaka mzima, wanacheza mwaka mzima.

Matokeo. Tulipoanza alikuwa anafika mita 30 hivi mpira ukiwa na uhai; sasa anafika mita 45. Nisidanganye, katika muda huo amekua karibu sentimita 6, na urefu nao unarusha. Ila kuchomoza kwa bapa la bega kumekwisha, hilo si la urefu. Kiwiko hakijauma tena. Zamani mirusho ishirini ya mwisho ilikuwa inapanda juu ya kichwa cha mdakaji, sasa mpira wa 50 unakwenda palepale ulipokwenda wa 5. Miezi mitatu ya kwanza nilikataa rada ya kupima kasi isisogee karibu naye, na ningerudia kukataa. Mtoto akiona namba anaifukuza.

Kuhusu mkanda wenyewe, umedumu vizuri. Mpira wowote ukiachwa kwenye jua la Texas utapasuka siku moja, kwa hiyo hatuuachi fensini, na kila Jumapili naupitisha vidoleni kutafuta nyufa. Ukikatika umevutwa, utarudi usoni kwa mtoto. Bei niliiona kubwa kwa vipande viwili vya mpira, mpaka nilipokumbuka nilicholipa hospitali.

Mdogo wangu aliyeko Dar aliniuliza kama nimtumie, kwa vile watoto wa huko nao wanacheza, pale Azania kuna uwanja wa besiboli kabisa, na majirani zetu wa Uganda waliwahi kupeleka watoto wa Lugazi hadi mashindano ya dunia ya Little League, Williamsport huku Marekani, mwaka 2012. Nilimwambia asinisubiri. Achukue mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ule wa kutengenezea manati, akate ukanda mrefu, afunge kitambaa laini kwenye kifundo cha mtoto, na upande wa pili kwenye nguzo imara. Kazi ni ileile. Kinachotakiwa ni mvuto mwepesi na mtu wa kumtazama mtoto mgongo wakati anavuta. Nilimtumia video ya mwanangu akifanya mazoezi yote, na sasa watoto watatu wa mtaani kwao wanavutia kwenye nguzo ya geti kila jioni.

Mwanangu anafikisha miaka 13 mwezi Machi. Akienda kwenye uwanja mkubwa tuta litasogea hadi futi 60 na inchi 6, zaidi ya mita 18, na saizi hii ya watoto itakuwa imemwisha. Saizi kubwa nimeshaiona dukani, lakini sijainunua. Tunarudi kwanza kwa yule mtaalamu amsimamishe tena ukutani, aliangalie bapa.