Faiba hadi ndani ya nyumba au waya wa shaba?
Faiba hupitisha data kwa mwanga ndani ya uzi mwembamba wa kioo, hivyo umbali wa mtaani hauipunguzii kasi, ilhali waya wa simu wa shaba hudhoofisha mawimbi kadiri unavyorefuka. Tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye kupakia: laini ya ADSL2+, yaani intaneti ya waya wa simu wa shaba, hupakua hadi megabiti 24 kwa sekunde, lakini hupakia takribani 1 tu, na hapo ndipo picha yako hugandaganda katikati ya mkutano wa video. Faida ya shaba ni kwamba mara nyingi waya tayari umo ukutani. Kabla ya kusaini, mwulize mtoa huduma kama faiba yake inafika ndani au inaishia kwenye kabati la mtaani, kisha inamaliziwa kwa shaba.