Mwaka wangu wa pili kwenye treni ya chini ya ardhi ya Guangzhou

Nilipokwenda Guangzhou, China, mara ya kwanza kufuata mzigo wa mabegi, nilizunguka kwa teksi siku tatu mfululizo, na nilipopiga hesabu hotelini nikakuta sehemu nzuri ya faida yangu imeishia barabarani. Kaka mmoja wa Tanga aliyeuzoea mji ndiye aliyeniteremsha hadi kituo cha Xiaobei, na tangu siku hiyo safari zangu zote za mchana ni za treni.

Xiaobei iko kwenye Njia ya 5, katika mtaa ambao Waafrika wengi hufikia. Kituo kinachofuata kuelekea magharibi ni stesheni ya reli ya Guangzhou. Hapo unahamia Njia ya 2, na kituo kimoja mbele ni Sanyuanli, yalipo masoko ya bidhaa za ngozi. Nauli huanzia yuani 2 kwa kilomita 4 za mwanzo, kisha huongezeka kidogo kidogo kwa kadiri ya umbali. Lakini hata nauli ingekuwa juu kuliko hiyo ningelipa, kwa sababu ninachokithamini zaidi ni uhakika wa muda: ukiahidiana na mwenye duka saa nne asubuhi, foleni ya magari haikuhusu.

Ukipanda Njia ya 5 kutoka Xiaobei kuelekea mashariki utafika Liede. Kilikuwa kijiji cha kale kilichomezwa na jiji, kikabomolewa mwaka 2007 na kujengwa upya kwa maghorofa marefu kabla ya Michezo ya Asia ya 2010, ila majumba ya kuwaenzi mababu wa koo zake yalisimamishwa tena. Nilishuka pale jioni moja, nikawakuta wazee wamekaa kivulini mwa paa la vigae wakicheza karata, na maghorofa yamewazunguka. Mimi niliyekulia Kariakoo, nikiona nyumba za uani zikipisha maghorofa moja baada ya nyingine, nilisimama pale kwa muda mrefu.

Jambo la kuwatahadharisha wageni ni simu. Wenyeji wengi huingia kwa kuonyesha msimbo kwenye skrini, nami nikawaiga, hadi siku simu yangu ilipozimika chaji nikiwa ndani ya treni. Nilifika kwenye geti la kutokea bila namna ya kulifungua, watu wamejipanga nyuma yangu. Mhudumu, binti mdogo aliyevaa sare, alinivuta pembeni kwa upole, akaniletea waya wa chaji na kusubiri pamoja nami hadi skrini ikawaka. Tangu hapo nina kadi ya nauli ya Yang Cheng Tong mfukoni, ninayoijaza fedha mapema. Na asiye na kadi anaweza kununua kisahani cha plastiki mashineni, akakigusisha anapoingia na kukitumbukiza getini anapotoka.

Mabegi yote hupita kwenye mashine ya ukaguzi, hivyo toka mapema kidogo. Njia ya 3 asubuhi na jioni hujaa mno. Ukiweza, ipite saa za katikati. Marobota yaachie wakala wa mizigo, wewe beba sampuli tu.

Mwezi wa kumi ninarudi kwa maonyesho ya biashara ya Canton, ambayo Njia ya 8 huyafikia pale Pazhou, na tayari nimeomba chumba kilicho karibu na ngazi za kituo cha Xiaobei.