Laptopu mpya, nukta ya zambarau na herufi "a" inayojirudia

Kazi yangu ni kuhariri miswada na kupanga kurasa za vitabu, kwa hiyo kutwa nzima nakodolea macho ukurasa mweupe. Nalitanguliza hili kwa sababu anayenunua laptopu ya kutazamia filamu anaweza kukaa na mashine kama yangu miaka mitatu asigundue nusu ya ninayoyalalamikia. Mimi nilianza kuyagundua kabla sijabandua hata ile nailoni ya kwenye kifuniko.

Jina la kampuni naliacha. Vioo vya laptopu hutengenezwa na viwanda vichache vinavyowauzia karibu wenye nembo wote, na kioo kama changu kinaweza kukuangukia chini ya jina lolote. Ni mashine ya inchi 14, RAM ya GB 16, diski ya SSD ya GB 512, uzito wa kilo 1.4, na imekaa nami miezi 11. Waranti ni ya miezi 12. Iweke akilini hesabu hiyo.

Nukta kwanza. Jioni ya siku ya kwanza nilifungua muswada niliokuwa nausahihisha, nikaona kitone katikati ya neno, mstari wa tatu. Nikakifuta. Hakikufutika. Nikausogeza ukurasa, maandishi yakapanda, kitone kikabaki palepale. Nikachukua kitambaa nikapangusa. Niliposogeza uso karibu ndipo nikaona kwamba wala si cheusi: ni zambarau iliyoegemea waridi, kidogo kuliko ncha ya sindano.

Kioo cha aina hii hakitoi mwanga chenyewe. Taa ziko nyuma, na mbele yake kila pikseli, yaani kila chembe inayounda picha, ina vijidirisha vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Vyote vikifunguka unaona weupe. Changu kimoja cha kijani hakifunguki, basi panapotakiwa weupe hupita nyekundu na buluu peke yake, na jicho linasema zambarau. Pikseli zenyewe ni 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Zidisha mara tatu upate vijidirisha 6,220,800. Kilichogoma ni kimoja. Ukimweleza mtu hivyo, unaonekana una kisirani.

Huduma kwa wateja walinijibu kwa upole mwingi kwamba kioo kiko ndani ya viwango. Nikaenda kuvisoma viwango. Kile cha kimataifa cha mwaka 2001, ISO 13406-2, kilivigawa vioo katika madaraja, na daraja la pili liliruhusu, kwa kila pikseli milioni moja, mbili zinazowaka muda wote, mbili zilizozimika kabisa, na vijidirisha vitano vyenye hitilafu. Mwaka 2008 kikaja ISO 9241-307 kuchukua nafasi yake, lakini mtindo wa madaraja haukuondoka. Kwa kipimo kile cha zamani, kioo changu kingeweza kuwa na vijidirisha vibovu 10 kikaendelea kuitwa kizima. Mimi nina kimoja, tena nalalamika. Nilijiona mkorofi.

Na hapo ndipo nilipokosea, kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na siku 14 za kuirudisha bila kuulizwa swali lolote. Nilizimaliza zote nikijiambia nitazoea. Siku ya 15 niliamka nikaiona nukta ile kana kwamba imeongezeka ukubwa, na haikuwa imeongezeka hata chembe.

Kuna programu zinazobadilisha rangi kwa kasi ili kukizindua kijidirisha kilichokwama. Wakati mwingine husaidia kilichokwama kikiwa wazi. Changu kimekwama kikiwa kimefungwa. Niliiacha inamwekamweka usiku kucha, na asubuhi nilichopata ni betri tupu. Wapo wanaoshauri upakande mahali penyewe kwa kidole gumba. Sikuthubutu. Kioo si unga wa kukanda, na ukikosea utaua na majirani zake.

Kona ya chini kushoto inavuja mwanga pia. Taa za nyuma zimepangwa kwenye ukingo wa chini, na fremu ikibana kupita kiasi mwanga hupenya pasipotakiwa. Naliona hilo nikiwa gizani tu, kwenye picha nyeusi. Kwa kazi yangu halinisumbui, napita.

Lililonisumbua kuliko nukta sikuliona kabisa, nililisikia kichwani. Wiki ya tatu nilianza kuumwa na kichwa kila nikifanya kazi usiku. Mchana sina neno, usiku naumwa. Nililaumu miwani, nikalaumu usingizi, nikalaumu mwandishi wa muswada. Kisha nikajaribu kitu cha kitoto: nilifungua ukurasa mweupe mtupu, nikashika kalamu mbele ya kioo, nikaipunga haraka kushoto na kulia. Mwanga ukiwa umefika juu kabisa, kalamu ilionekana kama ukungu mmoja ulioshikana. Nilipoupunguza mwanga hadi ninapoupendea usiku, kalamu ikawa kalamu nyingi zilizotengana, kama mbavu za upepeo.

Maana yake ni kwamba mashine hii haipunguzi mwanga kwa kuzifanya taa ziwake kwa unyonge. Inaziwasha na kuzizima kwa kasi, na unavyotaka giza zaidi ndivyo zinavyokaa zimezimwa muda mrefu zaidi. Jicho halioni kukatikakatika huko, ila kwa baadhi yetu kichwa kinapata taarifa. Dawa niliyoipata ni kuuacha mwanga asilimia 100 daima, kisha kuitia giza picha yenyewe kwa programu inayofifisha rangi. Kichwa kimepona. Betri imelipa: saa 9 nilizokuwa nikizipata zimeshuka zikawa 6 na ushei. Hitilafu hii, kama kuiita hitilafu ni haki, haimo kwenye karatasi yoyote ya sifa za mashine niliyopewa. Ukienda kununua, nenda na kalamu.

Sasa kibodi. Hapa naomba subira, kwa sababu msomaji wa lugha nyingine angecheka akapita, bali wewe unayesoma Kiswahili utaelewa ukubwa wa msiba.

Mwezi wa pili kitufe cha "a" kilianza kuandika mara mbili. Si kila mara. Labda mara moja katika kila aya. Lingekuwa "q" au "x" nisingejua mpaka leo. Lakini ni "a", na Kiswahili bila "a" ni mkeka bila ukindu. Kibaya zaidi, "a" ya ziada mwishoni mwa neno haileti neno bovu ambalo programu ya tahajia italipigia mstari mwekundu. Inaleta neno lingine zima, lenye afya yake. Mhusika alikata shauri, kwangu akakataa shauri. Mtoto aliyekuwa akitamba mtaani akaanza kutambaa. Shanga za bibi harusi zikawa shangaa. Na katika ukurasa wa kutabaruku, ambao mwandishi aliniandikia kwa mkono nimpigie chapa, baba yake aliyekufa nusura aende mtamboni akiwa baba aliyekufaa. Nililiona kosa hilo usiku wa mwisho, wakati nasoma kwa sauti. Ingekuwa sifa nzuri kwa marehemu, lakini siyo aliyoiandika mwanawe.

Nilisafisha kitufe kwa hewa ya kopo. Nikabadili lugha ya kibodi, nikasasisha kila kinachosasishika. Nilipochomeka kibodi ya nje kwenye USB, "a" ikatulia, nikajua ugonjwa uko kwenye swichi iliyo chini ya kitufe, si kwenye programu. Swichi yoyote hudundadunda kidogo inapogusana, na kibodi nzima hujua kupuuza madundo hayo. Ya kwangu ilikuwa inadunda kupita uvumilivu wa kibodi.

Windows ina mpangilio uliowekwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao hutetemeka: unaiambia ipuuze kitufe kilekile kikibonyezwa tena upesi. Nikauwasha, nusu sekunde. "A" za ziada zikatoweka kweli. Zikatoweka na za halali. Sasa "saa" ikawa "sa", "baada" ikawa "bada", na yule aliyekataa shauri sasa akawa amekata hata pale alipokataa kweli. Ili niandike "jamaa" ilinibidi nibonyeze "a", ningoje kama mtu anayengoja mwangwi, nibonyeze tena. Niliuvumilia siku mbili. Baada ya hapo nikawa nafanya kazi na kibodi ya nje juu ya meza, laptopu imesukumwa nyuma, na kilo 1.4 nilizozifurahia dukani zikageuka kilo 2.

Kwa nini sikuipeleka mara moja? Kwa sababu nilikuwa na kitabu mkononi, na fundi wa kampuni alitaka kukaa nayo siku 10 za kazi. Watu tunaotegemea mashine moja ndivyo tunavyoumia: ubovu hauwi mkubwa wa kutosha kukulazimisha usimame, basi unautembelea hivyohivyo.

Kilicholazimisha ni bawaba. Mwezi wa nne ile ya kulia ilianza kulia kila nikifungua kifuniko, mlio mfupi mkavu. Nilikumbuka somo la siku 14, safari hii nikachukua simu, nikarekodi. Nikawa narekodi kila baada ya wiki chache, huku naonyesha tarehe. Mwezi wa saba, asubuhi moja, kifuniko kilifunguka na plastiki ya pembeni ikafunguka nacho, nikawa naona ndani.

Fundi wa kampuni aliitazama, akanitazama mimi.

"Dada, hii imedondoka."

"Haijadondoka."

"Wote husema hivyo."

Nikamwonyesha video zangu, ya kwanza hadi ya mwisho. Akazitazama zote bila kusema, na namheshimu kwa hilo, kisha akanigeuzia mashine anionyeshe mahali palipong'oka. Skrubu za bawaba haziingii kwenye chuma cha mwili. Zinaingia kwenye vijinati vya shaba vilivyopachikwa ndani ya plastiki kwa joto. Bawaba ikiwa ngumu kupita kiasi, kila ukifungua kifuniko unavivuta vijinati vile kidogo kidogo, mpaka siku plastiki inachoka. "Ukifungua, shika katikati, usishike kona," aliniambia. Ushauri mwema. Ila nilikuwa nikishika katikati siku zote.

Waranti ilikubali. Walibadilisha sehemu yote ya juu ya mwili, ile inayobeba bawaba. Na kwa kuwa kwenye mashine hizi nyembamba kibodi huwa imekazwa humo kwa vijipini vya plastiki vilivyoyeyushwa, haitoki peke yake, nilipewa na kibodi mpya. "A" ikapona kwa ajili ya bawaba! Miezi mitano nimeteseka na herufi, ikaja kutibiwa na ugonjwa wa mguu.

Niliporudi nayo nyumbani, intaneti ikawa inashika nikiwa karibu na ruta na kukata nikienda chumba cha pili. Kabla ya matengenezo haikuwa hivyo. Sikuwa na nguvu ya siku nyingine 10. Fundi wa mtaani alifungua skrubu za chini, akanionyesha kadi ya Wi-Fi yenye nyaya mbili nyembamba, moja nyeusi na moja nyeupe, zinazopita kwenye bawaba kwenda kwenye antena zilizo kando ya kioo. Ile nyeupe ilikuwa imelala tu pembeni, haikurudishwa kwenye kishikizo chake. Akaibonyeza kwa kucha, ikalia tik. Dakika 10, pamoja na kunitania.

Niwe mkweli kuhusu uzuri wake pia. Prosesa ina kasi kuliko ninavyohitaji. Faili la kurasa 400 lenye picha linafunguka kabla sijakaa vizuri. Feni ni za kimya. Betri yenyewe haijachoka: ripoti ya powercfg, amri ya Windows ya kukagua betri, inaonyesha bado inabeba asilimia 93 ya ujazo wake wa kiwandani, na zile saa karibu 3 nilizopoteza ni deni la mwanga. Kati ya nyota 5 ningeipa 4 kama ungenificha kioo. Pamoja na kioo, 2. Kuna tundu moja la USB-C ambalo chaja inachezacheza ndani yake, lakini kuna la pili, basi natumia la pili.

Nukta bado ipo. Nimejifunza kuuweka ukurasa kwenye kioo kwa namna ambayo nukta inaangukia kwenye pambizo, juu kushoto, nje ya maandishi. Mwenzangu kazini aliwahi kuniuliza kwa nini kurasa zangu zote hazikai katikati. Nikamwonyesha. Alitazama muda mrefu, akasema haoni kitu, kisha kesho yake akanijia analalamika kwamba sasa anaiona hata akiwa amekaa kwenye meza yake.

Waranti imebakiza siku 23. Juzi jioni, nafunga mashine nikalale, bawaba ya kushoto ikalia. Nikaifungua tena, simu mkononi, nikarekodi.