Chujio la Sponji kwa Uduvi: Wiki Sita Ndani ya Tangi Langu

Hamjambo nyote, karibuni tena. Ya tangi na taa tulishayamaliza. Leo ni hiki kisponji cheusi cha shilingi 650, chujio la maji linaloendeshwa na mapovu ya pampu ya hewa, na jamani, nimekipenda.

Ngoja nisogeze kamera hadi kwenye kioo. Mnaviona vinukta vinavyotembea juu ya sponji? Hao ni watoto wa uduvi wangu wekundu, wale Neocaridina. Wameanguliwa Jumanne. Hawafiki milimita tatu, lakini miguu wanayo, papasi wanazo, umbo ni la mama yao kabisa. Nawamulika kwa tochi. Mwangalieni huyu wa pembeni: mkono wa kulia, mdomoni, wa kushoto, mdomoni, kama abiria anayekula njugu kwenye matatu. Anachokoa utando ulioota kwenye sponji. Hii ndiyo meza yao! Hebu nihesabu... tisa, kumi, kumi na mmoja, na upande wa nyuma sijafika.

Sasa lile chujio langu la zamani, la mota, la kuning'inia kwenye tangi, la bei mara nne ya hili. Mama anabeba mayai chini ya tumbo karibu mwezi mzima, anayapepea usiku na mchana, halafu watoto wanavutwa na mota. Nilipolifungua kuliosha niliwakuta humo ndani. Niliumia sana. Silirudishi tena.

Kuosha sponji: chota maji ya tangi kwenye ndoo, ikamue humo mara mbili, basi. Usiipeleke kwenye mfereji! Klorini ya maji ya mfereji inaua bakteria wanaoondoa sumu ya amonia, na uduvi hawaivumilii amonia hata kidogo. Na yule aliyeniuliza kama anaweza kutia dawa ya samaki kwenye tangi la uduvi, soma kibandiko kwanza. Ikiwa na shaba, tafadhali usiitie, utawamaliza wote.

Ila kipira cha kunata kwenye kioo ni kibovu. Siku ya tatu kiliachia, chujio likaelea. Nimelifungia jiwe kwa uzi wa nailoni. Kwa 650 wangetuwekea kizito cha chini, si kazi kubwa hiyo. Mapovu nayo yana kelele. Wiki ya kwanza nilitaka kulirudisha dukani, lakini nimebana paipu ya hewa kidogo na sasa nalala.

Kitu kingine, na hapa Nairobi mnanielewa: stima ikipotea na pampu iko chini ya tangi, maji yanaweza kurudi kwenye paipu hadi ndani ya pampu. Yangu nimeipandisha rafu ya juu. Kama huna rafu, nunua vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye paipu kabla hujawasha chochote.

Kuanzia wiki hii video zinatoka Jumamosi asubuhi, si Jumatano, kwa hiyo bonyeza kengele. Ijayo nitapima maji ya kisima na ya mfereji hapa hapa mezani. Subirini kwanza, kuna mama mwingine hapa kwenye kona, ana mayai. Tochi iko wapi?