Ziara ya mwambani kwa shule: nzuri, ila tazameni mwezi kwanza

Ziara hizi za nusu siku, zinazoongozwa na wanagenzi wa sayansi ya bahari kati ya Nyali na Bamburi, Mombasa, zina sehemu tatu: kwenye mwamba wa matumbawe, kwenye mikoko, kisha vipimo vya maji chini ya hema. Uzuri wake wote uko mwambani, na mwamba hautii ratiba ya basi la shule.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa. Ziara hupangwa kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Jumamosi ikiangukia bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kukupwa sana, mambo huwa sawa, maana Mombasa maji ya bamvua hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano. Jumamosi ya pili yake ni maji mafu, yanayojaa na kukupwa kidogo tu: saa zizo hizo bahari imejaa, mwamba hauonekani, na watoto huishia kutazama picha ufuoni. Mwalimu asilipe kabla ya kuuliza maji yatakupwa saa ngapi na jedwali la maji kujaa na kukupwa linasema yatashuka hadi mita ngapi. Chini ya nusu mita, nendeni. Ikizidi mita moja, badilisheni tarehe. Kundi liingie saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa, na ligeuke mara yanapoanza kurudi, kwa sababu mifereji iliyo kati ya mwamba na ufuo hujaa kabla mwamba haujafunikwa.

Kazi ya fremu ndiyo bora kuliko zote. Fremu ni mabomba ya plastiki ya sentimita 50 kwa 50 yanayolazwa juu ya mwamba, yamefungwa kamba kila sentimita 10, hivyo kuna miraba 25 na kila mmoja ni asilimia 4. Mtoto wa darasa la sita anahesabu miraba yenye matumbawe, nyasi bahari au mchanga, anazidisha kwa nne apate asilimia, basi. Fremu hizi lakini hazikutobolewa, kwa hiyo zinaelea na lazima mtu azikanyage, na anayekanyaga fremu hukanyaga na matumbawe. Matundu manne ya kuingiza maji yangemaliza tatizo. Tena watoto huachiwa waiweke wapendapo, nao huchagua penye kupendeza. Itandazwe kamba ya mita 50, fremu iwekwe kila mita 5, hata ikiangukia mchanga mtupu.

Maelezo ya wanagenzi ni ya kuaminika. Wanaeleza vizuri kwa nini samaki kikande akivuliwa sana, wale wanyama wa miiba mirefu myeusi anaowala huongezeka na kuutafuna mwamba. Ila kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, asitolewe majini ili apigwe picha. Wengine bado wanaruhusu.

Viatu: raba za kufunga kamba. Ndala hubaki kwenye tope na miiba huzipenya. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na bandeji na dawa ya vidonda, bila chupa ya chai yenye maji moto. Anayechomwa na samaki-jiwe hutumbukizwa mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu, huku gari la kwenda hospitali likitafutwa. Shule ibebe chupa yake.

Kwenye mikoko hapana mengi ya kusifu. Watoto huchomeka miche ya mkoko ukingoni kabisa mwa bahari, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mkoko, ambapo mawimbi huing'oa. Ombeni ipandwe ndani zaidi, theluthi moja ya mche ikiingia topeni.

Vipimo vya chumvi mnaweza kuviruka, isipokuwa kifaa kisawazishwe kwanza kwa maji yaliyochujwa chumvi yote hadi kisome sifuri. Watoto 40 hupewa wanagenzi watatu. Ombeni watano, mmoja wao abaki nyuma kabisa ya msafara.