Uzoefu wangu na santuri ya The Madcap Laughs ya Syd Barrett

Santuri hii nimekuwa nayo kwa miezi minane. Duka nililoagizia liliituma ndani ya bahasha nyembamba, hata kona ya jalada ikafika imekunjika, lakini sahani yenyewe haikuwa na mkwaruzo, na gitaa linasikika kana kwamba mpigaji ameketi nami chumbani.

Barrett, mzaliwa wa Cambridge nchini Uingereza, ndiye aliyeipa bendi ya Pink Floyd jina hilo, na ndiye aliyetunga nyimbo nyingi za albamu yao ya kwanza ya roki ya saikedeliki, yaani roki yenye sauti za kindoto, iliyotoka 1967, akitelezesha kiberiti cha chuma juu ya nyuzi za gitaa na kuipitisha sauti yake katika mashine ya mwangwi. Aprili 1968 alikuwa ameshatoka kwenye bendi, akili yake ikiwa imeyumba. Santuri hii ilitoka Januari 1970, nyingine ikafuata Novemba, na baada ya hapo hakutoa albamu tena hadi alipofariki mwaka 2006.

Upande wa pili ndio ulionigusa zaidi. Katika “If It’s in You” anaanza kuimba, sauti inateleza, anakatiza, kisha anaanza upya. Na mahali pengine unasikia karatasi za maneno zikigeuzwa. David Gilmour na Roger Waters, wenzake wa Pink Floyd waliosimamia nyimbo hizo, waliyaacha makosa hayo yasikike. Wapo wanaosema kwamba walimwanika mgonjwa, na mwanzoni nami nilikereka. Kadiri nilivyorudia kusikiliza, nilianza kumsikia mtunzi anayeutafuta wimbo wake mbele yetu, na sasa singependa sekunde hata moja ya sehemu hiyo ikatwe.

Miaka yake michache haikupotea. Mwanamuziki David Bowie alirekodi upya wimbo wa Barrett “See Emily Play” mwaka 1973, na Pink Floyd walimtungia “Shine On You Crazy Diamond.” Juni 1975, walipokuwa wakiushughulikia wimbo huo studio, Barrett aliingia bila taarifa, mnene, kichwa na nyusi vimenyolewa, na wenzake wakashindwa kumtambua.

Asiyemjua Barrett aanze na ile albamu ya 1967. Akishaizoea, anunue hii na asikilize upande wa pili wote, mpaka “Late Night,” bila kuinua sindano.